"Moto unachoka njiani": wiki nane za kufundisha fizikia Handeni, na ndoto niliyokwenda nayo

Habari za jioni wadau. Wakubwa zangu humu, shikamooni.

Mimi ni mwanachuo wa mwaka wa pili, ualimu wa sayansi. Masomo yangu ya kufundishia ni fizikia na hisabati. Wiki iliyopita nimemaliza mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya kata wilayani Handeni, mkoa wa Tanga. Nilikaa huko wiki nane. Kuna jambo limenikaa kifuani tangu nirudi chuoni, nikaona niliweke hapa kabla masomo hayajaanza kulifunika. Uzi ni mrefu, nitauleta kwa vipande kadiri bando litakavyoruhusu.

Nianze na ndoto. Tangu kidato cha tatu nilitaka kuwa mtu wa kompyuta, mtu wa kutengeneza programu watu wakazitumia kwenye simu zao. Nikasoma PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati. Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka hayakuwa mabaya, ila hayakufika pale nilipokuwa nimeomba kwanza. Mama aliuliza swali moja tu: kati ya hizo kozi zilizobaki, ipi yenye mkopo? Ilikuwa ualimu wa sayansi. Nikaenda.

Mwaka wa kwanza wote, mtu akiniuliza nasoma nini, nilikuwa namjibu "nasoma ualimu kwa sasa". Hilo "kwa sasa" sikuliacha hata mara moja. Usiku wenzangu wakilala, mimi najifunza Python, lugha ya kuandikia programu, kwenye simu. Kioo kimepasuka kona ya juu, mistari ya kwanza naikisia. Niliamini kabisa kwamba mchana naishi maisha ya mtu mwingine na usiku ndiyo naishi ya kwangu.

Handeni nilipewa kidato cha pili, mkondo B, wanafunzi 71. Mada iliyokuwa mbele yao ni umeme: mkondo, volteji, ukinzani na kanuni ya Ohm. Hiyo ndiyo mada ninayoipenda kuliko zote. Nikachukua simu, nikaiomba programu ya akili unde (AI) iniandikie andalio la somo la kipindi pacha, dakika 80. Halikuchukua hata dakika moja. Umahiri, shughuli za mwalimu, shughuli za mwanafunzi, tathmini, kila kisanduku kimejaa vizuri kuliko ninavyoandika mwenyewe. Ndani yake likasema kila kundi la wanafunzi watano lipewe amita ya kupima mkondo, voltimita ya kupima volteji, na betri nne.

Makundi ya watano watano kwa watoto 71 ni makundi 15. Maabara ilikuwa na amita tatu. Ya kwanza mshale wake umeganda kwenye sifuri, ya pili haina kioo na mshale umepinda, ya tatu inafanya kazi. Voltimita haikuwepo.

Nikafundisha kwa chaki. Nilichora sakiti ubaoni, nikaandika kanuni (mkondo ni volteji gawanya kwa ukinzani), nikafanya mifano miwili. Betri mbili za volti 1.5, jumla volti 3, ukinzani ohm 10, mkondo ampea 0.3. Wakanakili kimya kimya. Nikauliza kwa Kiingereza, kama inavyotakiwa sekondari, ukinzani ukiongezeka mkondo unakuwaje. Hakunyoosha mkono hata mmoja. Nilipotoa zoezi, waliopata zaidi ya nusu walikuwa 9. Wengi wao kanuni wameiandika bila kosa, halafu wakagawanya kinyume. Walikuwa wamekariri umbo la herufi.

Usiku ule sikugusa Python. Nilikaa na madaftari 71 na kalamu nyekundu, taa ya sola inafifia, na kwa mara ya kwanza sikuwaza habari ya "kwa sasa". Nilikuwa nimeumia kama mtu aliyeharibu kazi yake mwenyewe.

Kwenye lile rundo kulikuwa na daftari moja lenye sifuri. Mwenye daftari hilo ndiye hasa aliyenifanya nianzishe uzi huu. Ngoja nile, nakuja.

*

Nimerudi.

Yule kijana wenzake wanamwita Fundi, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Anakaa dawati la nyuma karibu na dirisha, haongei, hasumbui. Ukipita pembeni yake na daftari lake liko wazi utaona mwandiko mzuri na alama za kukosa.

Jumamosi ya wiki ya pili simu yangu iligoma kuingiza chaji. Senta pale kuna kibanda kimoja cha fundi simu, mbao na bati, mbele kabati la kioo lenye chaja na makava. Nikaenda, nikamkuta mwanafunzi wangu kwenye kiti cha fundi, bisibisi mkononi, amefungua simu ya mtu mezani. Akasimama haraka.

"Shikamoo madam."

"Marahaba. Kumbe uko huku?"

"Namsaidia kaka Jumamosi na Jumapili."

Akaichukua simu yangu. Hakukimbilia kuifungua. Alisafisha tundu la chaji kwa mswaki wa zamani na spiriti, akajaribu, ikagoma. Akavuta waya wangu wa chaji, akachukua mita, kile kifaa cha kupimia umeme, akagusisha ncha moja huku na nyingine kule. Mita ikalia. Akaanza kuukunja waya taratibu kwa vidole, sentimita kwa sentimita, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye unyayo. Alipofika shingoni karibu na kichwa, mita ikanyamaza. Akaunyoosha, ikalia.

"Simu haina tatizo, madam. Waya umekatika kwa ndani. Zimebaki nyuzi mbili tatu, moto unapita kwa kubanwa."

Akauchomeka kwenye chaji ya sola na simu nyingine, tukasubiri kidogo. Kisha akachukua kidole changu, akasema samahani kwanza, akakiweka pale shingoni. Pamoto. Akakisogeza chini kidogo. Baridi.

"Panapobana ndiyo panapata joto," akasema.

Nikamuuliza, ili nione atafika wapi, kwa nini waya mrefu unachelewesha chaji. Hakufikiri hata kidogo. "Waya mrefu, halafu mwembamba, moto unachoka njiani."

Jamani. Huyu ndiye niliyemwandikia sifuri Jumatano, kwa wino mwekundu, na chini nikaongeza "soma kwa bidii".

Nililipa waya mpya nikaondoka, na njia nzima nilikuwa nayarudia maneno yake. Moto unapita kwa kubanwa. Panapobana panapata joto. Waya mrefu na mwembamba. Alikuwa amenieleza ukinzani pamoja na yale yanayouongeza, urefu na wembamba wa waya, na alama yake kubwa ambayo ni joto. Kitabuni hayo yote yamefungwa ndani ya neno moja la Kiingereza lenye herufi kumi. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba lile neno ndilo hiki anachokishika kila Jumamosi.

*

Nimeona mdau mmoja ameuliza, "Sasa si ungewafundisha kwa Kiswahili tu yakaisha?" Swali zuri, na hata mimi ndivyo nilivyodhani Jumamosi ile. Jumatatu nikagundua haliishi hapo.

Niliingia darasani nikaandika ubaoni neno moja kubwa: MOTO. Nikawaambia nipeni kila mnachojua kuhusu moto wa kwenye waya. Darasa lililokuwa bubu wiki iliyopita likafunguka. Moto umekata. Moto mdogo, taa inafifia. Moto mkubwa umeunguza redio ya babu. Betri imebakiwa na moto kidogo. Nikajaza ubao mzima.

Halafu nikawauliza: katika haya yote, moto ni kitu kimoja? Ule mkubwa uliounguza redio na ule uliobaki kidogo kwenye betri ni mamoja?

Hapo ndipo nilipoelewa kazi yangu. Mtaani neno moto limebeba mizigo mitatu minne kwa pamoja. Limebeba msukumo, ambao ni volteji. Limebeba kiasi kinachopita, ambacho ni mkondo. Limebeba hata nguvu inayotumika kuwasha taa. Ukimpa mtoto mambo haya kwa Kiingereza bila kupitia kwenye moto wake, unampa maneno matatu yasiyo na mahali pa kukaa. Na ukimwachia moto wake jinsi ulivyo, atakwama pia, kwa sababu kanuni ya Ohm inataka vitu hivyo vitengane kwanza ndipo viambiwe vinahusiana vipi.

Kwa hiyo tukaupasua moto. Nililigawa neno ubaoni kwa mistari mitatu. Msukumo ni kiasi gani? Kinachopita ni kiasi gani? Njia inabana kiasi gani? Tukakaa hapo muda mrefu kuliko andalio lilivyosema, na sijutii.

Vifaa vilikuwa hivi. Yule kaka mwenye kibanda alituazima mita yake mpaka saa nane mchana, Fundi akaja nayo imefungwa kwenye kitambaa. Globu ya tochi ya zamani, zile zenye uzi ndani. Betri kubwa mbili. Penseli nilizozipasua kwa kisu usiku ili risasi ya ndani ibaki nzima, maana ile risasi ya penseli inapitisha umeme lakini kwa kubana. Ukigusisha waya karibu globu inawaka vizuri. Ukiusogeza mbali kwenye risasi, mwanga unapungua pole pole mpaka unabaki uzi mwekundu. Kundi moja lilifanya mbele, wengine wamesimama juu ya madawati. Mwalimu wa taaluma alichungulia dirishani kuona kelele ni za nini, akabaki pale pale dirishani mpaka kengele.

Nikamwita Fundi awaeleze wenzake. Akasema lile lile: risasi ikiwa ndefu moto unachoka njiani.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo nisingependa mtu alipite haraka. Fundi alikuwa amekosea kidogo. Alidhani kinachopita kinapungua kadiri kinavyosafiri, kwamba mwanzoni mwa waya kuna mkondo mwingi na mwishoni kuna mdogo. Kwenye sakiti ya njia moja haiko hivyo, mkondo ni ule ule kote. Kinachoshuka ni msukumo.

Nikamwambia. Akanitazama kwa adabu, lakini nikaona hajakubali, na kwa nini akubali? Ameshika waya nyingi kuliko mimi. Nikampa ile amita moja nzima, nikasema pima mwenyewe. Akaiweka kabla ya penseli: 0.2. Akaitoa, akaiweka baada ya penseli: 0.2. Darasa lote kimya. Akairudisha mwanzoni tena, mara ya tatu, safari hii bila kuambiwa, akainama mpaka pua ikakaribia kioo. 0.2. Halafu akachukua mita ya kaka yake, akapima volti kwenye globu, waya ukiwa karibu na waya ukiwa mbali. Zikatofautiana sana.

Akanyanyuka akasema, "Kumbe moto hauchoki. Unaochoka ni msukumo."

Sijawahi kuandika mstari wa programu ulionipa nilichopata dakika ile.

Baada ya hapo ndipo tukabandika maneno ya Kiingereza, moja baada ya jingine, kila neno likaenda kwenye nafasi yake iliyokwisha kuandaliwa. Mtihani wa NECTA unakuja kwa Kiingereza, hilo siwezi kulibadilisha, na mwalimu anayewaficha watoto ukweli huo anawaonea. Watoto hawa wamefanya darasa la saba kwa Kiswahili, na walipovuka mlango wa kidato cha kwanza lugha ikabadilika. Katikati panahitaji daraja, na daraja lenyewe linajengwa kwa neno moja moja.

Zoezi la pili waliovuka nusu walikuwa 38. Fundi alipata 6 kati ya 10. Alama nne alizokosa, mbili zilikuwa za hesabu, mbili ni swali ambalo hakuelewa linaomba nini.

*

Asanteni kwa michango, sikutegemea. Nijibu kadhaa.

Mzee wangu uliyeandika kwamba wewe ni mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, shikamoo mwalimu. Umesema mlisoma ualimu kwa masomo ya posta na kwa redio huku mnafundisha, miaka ya sabini, baada ya Azimio la Musoma la 1974. Mchango wako nimeusoma mara mbili. Sisi tunaongea habari za teknolojia ya elimu kana kwamba imeanza na simu janja, kumbe kuna kizazi kizima cha walimu kilichoundwa na redio ya mkulima na bahasha. Ulichosema, kwamba redio ilisaidia pale tu palipokuwa na mtu wa kuizungumzia baada ya kuzimwa, nimekiandika kwenye daftari langu la field.

Hilo linanipeleka kwa mdau aliyesema suluhisho ni kugawa vishikwambi kila shule. Mimi sipingi vishikwambi. Vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa walimu wa shule za serikali, na mwalimu wa taaluma pale alikuwa nacho, ndani kuna vitabu vya kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu. Kilinisaidia sana. Mkoa huu huu wa Tanga una habari yake, na inasikitisha kwamba wanachuo wengi hawaijui. Kati ya 2017 na 2019 yalifanyika huku majaribio ya mashindano ya kimataifa yaliyoitwa Global Learning XPRIZE. Watoto zaidi ya 2,000 katika vijiji 170 vya Tanga, wengi wao hawajawahi kukaa darasani, walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Vijijini kukawekwa sehemu za kuchajia kwa sola. Walijifunza kwa miezi 15, bila mwalimu. Mei 2019 timu mbili, onebillion na Kitkit School, ziligawana zawadi ya dola milioni 10.

Mwanzoni zaidi ya 9 kati ya 10 hawakuweza kusoma neno hata moja la Kiswahili. Mwishoni idadi hiyo ilipungua karibu nusu. Ni jambo kubwa, nami niliposoma mara ya kwanza nilitetemeka, maana ndiyo kazi niliyoota kuifanya. Lakini nikiwa Handeni niliisoma namba ile ile upande wa pili. Waliobaki je? Na aliyejifunza herufi kwenye kioo, siku akiamini jambo lenye kosa kama la Fundi, nani atamwona usoni kwamba hajakubali? Programu ingempa alama ya kukosa, ikampeleka swali linalofuata. Nami nilikuwa nimefanya hivyo hivyo wiki ya pili kwa kalamu nyekundu, kwa hiyo hapa siisemi mashine peke yake.

Kwa andalio la akili unde pia msimamo wangu ni huo. Bado naitumia. Siku hizi ninaanza kwa kuiambia: amita moja, globu mbili, penseli, watoto 71, lugha zao hizi. Inatoa kitu tofauti kabisa. Isichoweza kujua ni kilichomo ndani ya kabati la maabara na kilichomo kwenye kichwa cha mtoto wa dawati la nyuma. Hicho inabidi nikitafute kwa miguu yangu mwenyewe.

Kuna mtu ameuliza kama Fundi atafaidika na huu mtaala mpya. Mabadiliko yalianza kutekelezwa Januari 2024, na sekondari sasa kuna mkondo wa jumla na mkondo wa amali, yaani wa ufundi. Mtoto kama yeye ni wa amali kabisa, ila pale hakuna amali, na shule yenye nafasi hiyo iko mbali na kwao. Nisichopenda ni hiki: nimeanza kusikia watu wakisema amali ni ya wasiojua darasa. Fundi alipima mara tatu kabla ya kukubali. Hicho ndicho wanasayansi wanachofanya.

Siku moja aliniuliza huyu Ohm alikuwa nani. Sikujua zaidi ya jina. Nikasoma usiku, kesho yake nikawasimulia. Georg Simon Ohm alikuwa Mjerumani, mtoto wa fundi wa vitasa. Baba yake hakusoma shule za maana, alijifunza mwenyewe, kisha akawafundisha wanawe hisabati na sayansi nyumbani. Georg akawa mwalimu wa sekondari mjini Cologne, na majaribio yake aliyafanya kwa vifaa vya maabara ya shule. Mwaka 1827 akachapisha kanuni yake, na kwao hawakumpokea vizuri. Ilichukua mpaka 1841 ndipo Royal Society ya London ikamtunuku medali ya Copley. Uprofesa wa Munich aliupata 1852, akafariki 1854.

Niliposema "mtoto wa fundi", vichwa 70 viligeuka nyuma dirishani.

*

Kipande cha mwisho, na ndicho kinachohusu ndoto.

Shuleni simu ni marufuku kwa wanafunzi, na kwa kweli sikutaka kuligusa hilo. Lakini jioni nyumbani simu zipo, za mama, za kaka, nyingi ni zile ndogo za batani, zisizo na intaneti, ila zina redio na sehemu ya memori kadi. Na kila Jumamosi watu wanapeleka memori kadi kibandani kuwekewa nyimbo. Unalipa kidogo, unarudi na nyimbo mia.

Nikawaza usiku kucha. Nilikuwa nimezoea kudhani programu ni lazima iwe ya kupakuliwa, yenye akaunti na bando. Hapa watu wana mtandao wao tayari. Unapita kwenye meza ya kaka, kwenye kikadi kidogo kama ukucha.

Tukaanza kurekodi. Mimi na wanafunzi wanne, Fundi akiwemo, baada ya vipindi, ndani ya stoo ya maabara kwa kuwa haina mwangwi. Kila rekodi haizidi dakika mbili. Mwanafunzi anauliza kwa lugha ya mtaani, "Kwa nini waya unapata joto?" Tunaeleza kwa Kiswahili, halafu tunasema neno la Kiingereza taratibu mara tatu, kisha swali moja kama litakavyokuja kwenye mtihani. Mara ya kwanza ng'ombe walipita, tukarudia. Mara ya pili Fundi alitetemeka sauti, tukarudia. Nikaandika programu ndogo kwa Python, ile ile ya usiku, ya kupunguza ukubwa wa mafaili na kuyapa majina kwa mpangilio ili kwenye simu ya batani yasichanganyike. Mistari 40 hivi. Ndiyo programu yangu ya kwanza iliyotumiwa na mtu mwingine. Kaka wa kibanda akakubali kumwekea bure kila mwanafunzi anayeleta memori kadi.

Mpaka naondoka tulikuwa na rekodi 17. Mama mwenye nyumba niliyepanga aliniambia asubuhi moja, anapepeta mchele, kwamba usiku alisikia kwa jirani sauti ya mtoto anaeleza habari za volti, akadhani ni redio.

Mdau aliyeandika kwamba najisumbua bure kwa sababu ajira hakuna, nimekusikia, na sijakasirika. Najua walimu wenye shahada wanaokaa nyumbani miaka. Najua sasa ni kuomba kupitia Sekretarieti ya Ajira na kufanyiwa usaili. Binamu yangu yumo humo, anauza chipsi Kibaha, na ni mwalimu mzuri wa kemia. Hofu hiyo ninayo, sina jibu lake, na sitawadanganya wanaonifuata kwamba mapenzi ya kazi yanalipa kodi ya nyumba. Ninachojua ni kwamba nilikwenda Handeni nikiamini nina ndoto moja na mzigo mmoja, nikarudi siwezi tena kutenganisha kipi ni kipi. Nikiulizwa sasa nasema nasoma ualimu wa fizikia. Halafu nanyamaza.

Siku ya kuaga, Fundi hakuja kwenye msururu wa kupiga picha. Nilipopita senta kwenda kupanda gari nikamkuta kibandani, mchana wa Ijumaa, nikamuuliza mbona hapa. Akasema amekuja mara moja kunipa kitu. Ni ule waya wangu wa chaji uliokatika. Ameukata pale shingoni, ameuchuna, ameunga nyuzi moja moja kwa risasi, akaufunga na mpira. "Nimepima, madam. Haubani tena."

Ndio ninaochajia simu ninayoandikia hapa.

Sasa ombi langu kwa walimu wa fizikia humu na wataalamu wa Kiswahili. Rekodi zinaendelea, wale wanne wananitumia sauti kwa simu ya kaka. Tumekwama kwenye mada ya usumaku na ya mashine rahisi. Nahitaji namna ya kueleza uga wa sumaku kwa mtoto asiyewahi kusikia neno "uga" nje ya mpira. Na kwenye mashine rahisi, kapi watoto wanalijua kwa sababu ya kisima, ila wenzo (mti wa kunyanyulia mzigo) na mteremko wanaviita majina tofauti kila kijiji. Kwenu vinaitwaje? Ukiandika, taja na mahali, maana nataka tuyaweke yote.